Pikapu Inunuliwe Lini?

Wahenga walisema kwamba subira yavuta heri. Wahenga hao hao walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo la kununua pikapu methali zote mbili ni za kweli, na kazi ya mume na mke ni kutambua ni ipi inayoihusu nyumba yao mwaka huu.

Jambo hili si dogo. Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na wa polisi, kuanzia Bugembe na Jinja hadi Mbale, pikapu ni kitu cha bei kubwa kuliko vyote ambavyo jamaa itanunua baada ya kiwanja na nyumba. Wako wanaoinunua kwa kiinua mgongo, fedha ambazo mtumishi huzipata mara moja tu maishani. Wako wanaoinunua kwa malimbikizo ya posho za kutumikia Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa Machi 2007. Wengine huinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na mkopo huo hukatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Fedha za namna hiyo zikipotea, hazirudi, na wanaoumia kwanza ni watoto walio shuleni.

Kwa wakazi wa Bugembe haja ya gari la mizigo yaonekana kwa macho. Mji huo, ambao tangu 1 Julai 2020 umekuwa sehemu ya Jiji la Jinja, umekaa kando ya barabara kuu iendayo Iganga, Tororo na mpakani mwa Kenya. Karibu nao yako mashamba ya miwa ya Kakira, ambako kiwanda cha sukari kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Ukipita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, unafika Mbale, na kutoka miteremko ya Mlima Elgon hushuka kabichi, vitunguu, viazi, ndizi na kahawa. Mchana kutwa magari hupita yakiwa yamejaa. Lakini kuona magari ishirini yakipita na mizigo si ushahidi kwamba gari la ishirini na moja nalo litapata mzigo.

MZIGO KWANZA, BEI BAADAYE

Watu wengi wanapouliza wakati mzuri wa kununua, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye bei: ni mwezi gani ambapo bei hushuka? Swali hilo ni la haki, na majibu yake yatatolewa hapa chini. Lakini si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: gari litafanya kazi siku ngapi kwa mwezi?

Na uchukuliwe mfano wa sajini anayekaa Bugembe pamoja na mkewe, ambaye huleta kabichi na viazi kutoka Mbale na kuviuza Jinja. Wana akiba ya shilingi milioni 20. Pikapu waliyoonyeshwa yauzwa milioni 38, na dalali amewaambia kwamba mwenyewe atapunguza milioni 2 wakilipa kabla ya mwisho wa mwezi.

“Mama watoto,” asema mume, “milioni mbili hazianguki kutoka mbinguni. Tukikawia, gari litachukuliwa na mwingine.”

“Ni kweli, Baba watoto,” ajibu mke, “lakini hebu tuhesabu kwanza. Mimi naenda Mbale mara mbili kwa juma. Siku nyingine hilo gari litakuwa likibeba nini?”

Swali la mama huyo lina thamani kuliko punguzo la dalali, na hesabu yake yaweza kufanywa mezani kwa penseli. Wakinunua kwa milioni 36 watahitaji mkopo wa milioni 16. Iwapo malipo ya mkopo ni shilingi 700,000 kwa mwezi, mshahara wa dereva 400,000, na akiba ya matairi, bima na matengenezo 300,000, gari hilo lina deni la shilingi 1,400,000 kila mwezi, litembee au lisitembee. Kila siku ya kazi, baada ya kutoa gharama ya mafuta, na ikadiriwe kwamba inabaki shilingi 90,000. Safari za mke hazizidi siku 9 kwa mwezi. Kwa hiyo mapato ni shilingi 810,000, na upungufu ni shilingi 590,000. Upungufu huo utatoka wapi, kama si katika mshahara wa sajini? Katika miezi minne tu nyumba itakuwa imetoa shilingi 2,360,000, na zile milioni mbili za punguzo zitakuwa zimekwisha kuliwa.

Hesabu hiyo hiyo yaonyesha lini itafaa kununua. Siku 16 za kazi kwa mwezi zingeleta shilingi 1,440,000, na gari lingeanza kujilipia lenyewe. Basi namba ya nyumba hii ni 16. Kila nyumba iweke tarakimu zake yenyewe, kwa kuwa mkopo, njia na mizigo hutofautiana, lakini hapana nyumba inayopaswa kutoa fedha kabla ya kuijua namba yake.

Namba hiyo haipatikani kwa kukisia. Yapatikana kwa daftari. Kwa muda wa miezi mitatu, jamaa inayotaka gari na ikodi magari ya watu, na kila safari iandikwe: tarehe, mzigo, ulikotoka, ulikokwenda, nauli iliyolipwa. Majirani wanaosema “mkipata gari tutawapa kazi” nao waandikwe, lakini katika ukurasa wao wa peke yake, kwa kuwa ahadi si nauli. Mwenye duka ambaye tayari hulipa gari la mwingine kila Jumanne ni mteja. Anayesifu tu ni msemaji mzuri. Miezi mitatu ikipita, daftari litasema lenyewe. Likionyesha siku 9, subira yavuta heri. Likionyesha siku 18, basi kila mwezi wa kungoja, baada ya kulipa gharama zote zilizotajwa, nyumba inaacha shilingi 220,000 katika mifuko ya wenye magari. Kungoja nusu mwaka ili kupata punguzo la milioni moja kungekuwa hasara ya shilingi 1,320,000. Hapo ndipo ngoja ngoja huumiza matumbo.

Pia yafaa daftari lipite katika majira zaidi ya moja. Katika Busoga mahindi huvunwa katikati ya mwaka na tena mwishoni mwa mwaka. Kahawa ya Bugisu huvunwa zaidi katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mwenye kuhesabu mizigo ya mwezi wa mavuno peke yake atadhani kwamba mwaka mzima ni mavuno.

MAJIRA YA BEI

Mzigo ukiisha kuthibitishwa, ndipo kalenda huingia kazini. Yako majira yanayompendelea mnunuzi na yako yanayompendelea mwuzaji.

La kwanza ni mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza 1 Julai. Kodi mpya kwa kawaida huanza siku hiyo, na viwango vya ushuru wa forodha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki navyo hubadilika wakati huo. Kila Mei na Juni huvuma uvumi: “Nunua sasa, bajeti itapandisha bei!” Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni sauti ya mfanyabiashara anayetaka kumaliza magari yake. Mnunuzi hana haja ya kubahatisha. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2015, makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kufikia 1 Aprili, na miswada ya kodi hujulikana na kujadiliwa kabla ya Juni. Kwa hiyo katika Aprili na Mei mtu aweza kuuliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato, URA, iliyo Jinja au Mbale, ni nini kilichopendekezwa juu ya magari ya mizigo. Kama kuna nyongeza, na gari limekwisha kuchaguliwa na kukaguliwa, afanye haraka. Kama hakuna, uvumi usimkimbize.

La pili ni umri wa gari. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya ina ukali zaidi, maana hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na ndiyo sababu magari ya umri wa kati yanayopitia bandari ya Mombasa mengi huendelea na safari hadi Uganda. Magari makuukuu hutozwa pia tozo ya mazingira, na tozo hiyo hutegemea umri. Umri huo huhesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa, basi Desemba ikiisha, gari limezeeka hata kama halikutembea hatua moja. Safari ya meli kutoka Japani hadi Mombasa huchukua mwezi au zaidi. Anayeagiza mnamo Novemba gari lililo karibu na mpaka wa umri anacheza na moto, kwa kuwa meli ikichelewa, gari laweza kufika likiwa katika kundi la kodi kubwa zaidi, au lisiruhusiwe kabisa.

La tatu ni thamani ya shilingi. Magari ya nje hununuliwa kwa dola, na kodi zake huhesabiwa kwa thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Gari lililofika Mombasa kwa dola 8,000 lina thamani ya shilingi 28,800,000 ikiwa dola ni 3,600. Dola ikiwa 3,700, ni shilingi 29,600,000. Tofauti ni shilingi 800,000, na juu yake huja ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo nyingine, ambazo zote hukua pamoja nayo. Ifahamike kwamba URA hutumia kiwango cha kubadilisha fedha kinachotangazwa kwa kila mwezi. Mwenye gari linalongoja kulipiwa na aulize kiwango cha mwezi unaokwisha na kile cha mwezi unaoanza, kisha achague siku yake.

La nne liko Japani kwenyewe. Mwaka wa makampuni mengi ya huko hufungwa 31 Machi, na kabla ya siku hiyo wauzaji wa magari mapya hujitahidi kuuza kwa wingi. Mwenye kununua jipya huacha la zamani, na kwa njia hiyo magari mengi yaliyotumika huingia katika minada. Wingi huo humpa mwagizaji nafasi ya kuchagua. Lakini mwaka 2021 ulionyesha kwamba desturi hiyo yaweza kuvunjika: vipuri vya kielektroni vilipopungua duniani, viwanda vilitengeneza magari mapya machache, na bei ya yaliyotumika ikapanda kila mahali.

La tano ni soko la hapa nyumbani, yaani magari ambayo tayari yana namba za Uganda. Hapa kalenda ni ya shule na sikukuu. Katika Desemba kila mtu ataka gari la kwendea kijijini, na mwuzaji hukaza uzi. Januari ikifika, sikukuu zimekwisha, mifuko ni mitupu na karo ya muhula wa kwanza yadaiwa. Wako wenye magari wanaouza kwa shida katika majuma hayo. Mnunuzi mwenye fedha tayari atapata maneno laini kuliko ya Desemba. Hata hivyo asimdhulumu mwenye shida. Bei ya haki huleta ukweli juu ya kasoro za gari, na ukweli huo una faida kuliko shilingi laki mbili za kubana.

Kwa miaka ya uchaguzi mkuu, kama ilivyokuwa 2016 na 2021, yapo pia majira ya siasa. Kabla ya kura, wagombea hutafuta pikapu za kubebea vipaza sauti na mabango, na bei hukaza. Kura zikiisha, baadhi ya magari hayo hurudi sokoni. Ni nafasi kwa mnunuzi, ila fundi aangalie kwa makini springi, chesisi na giaboksi, kwa kuwa gari la kampeni huenda lilibeba umati wa watu katika njia mbovu kwa miezi mingi.

Kwa mwenye uwezo wa kununua pikapu mpya kabisa, iwe Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 au nyingine, majira mazuri ni pale mtindo mpya unapoletwa na ule wa zamani ungali umebaki dukani. Gari ni jipya, udhamini wa kiwanda ungalipo, lakini mwuzaji ataka nafasi ya kuweka mengine. Miezi ya mwisho kabla ya 30 Juni haimfai sana mnunuzi mmoja mmoja, kwa sababu wizara na mashirika hukamilisha manunuzi ya mwaka wao, na mwenye duka aliye na mteja mkubwa hana haja ya kumpunguzia mdogo.

Hatimaye ipo minada ya serikali. Magari yaliyoondolewa katika utumishi huuzwa kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma ya mwaka 2003, na matangazo hutolewa magazetini. Bei yaweza kuwa nafuu, lakini gari huuzwa kama lilivyo na pale lilipo. Asiyekwenda na fundi siku ya kutazama asinyanyue mkono siku ya mnada.

FEDHA ZINAZONGOJA

Atakayeambiwa asubiri atauliza: je, fedha zikae wapi? Swali hilo lina historia chungu nchini Uganda. Mnamo Mei 1987 serikali ilibadilisha sarafu. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa katika kubadilisha. Aliyekuwa akikusanya noti ndani ya sanduku ili anunue gari alipoteza karibu theluthi ya gari kwa siku moja, kabla hata ya kuligusa.

Miaka ya karibu nayo ina somo lake. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,500. Katika Septemba 2015 ilizidi shilingi 3,600. Mtu aliyekuwa na shilingi milioni 20 mwanzoni alikuwa na uwezo wa dola zipatazo 8,000. Mwishoni, kwa shilingi zile zile, alikuwa na uwezo wa dola zipatazo 5,500. Hakuiba mtu. Ni wakati tu uliokula.

Kwa hiyo subira isiyo na mpango si subira, ni uzembe. Jamaa inayongoja na iweke fedha zake mahali panapozaa: hisa na akiba katika chama chake cha mikopo, au amana ya muda maalumu benki. Tena iandike katika daftari lile lile tarehe ya kufikiri upya, kwa mfano baada ya miezi mitatu, ili kungoja kuwe na mwisho. Anayengoja bila tarehe, fedha zake zitapata kazi nyingine: harusi ya binamu, mazishi, pikipiki ya shemeji.

Njia ya tatu nayo ipo kati ya kununua na kungoja. Wake wawili au watatu wa askari wanaofanya biashara ya aina moja waweza kukodi gari moja kwa pamoja, mmoja akipakia kabichi na mwingine viazi, huku kila mmoja akiandika siku zake. Safari ya pamoja hupunguza nauli mara moja, na wakati huo huo daftari hukua. Pengine itaonekana kwamba gari moja lingetosha nyumba tatu, na kwamba haja haikuwa pikapu bali mapatano.

HATI NA MWENYE UFUNGUO

Bei nafuu, iliyopatikana katika majira mazuri, si kitu kama hati ni mbovu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari ni hati yake ya usajili, ile ambayo wengi huiita logibuku. Namba ya chesisi na namba ya injini zilinganishwe na hati, herufi kwa herufi, gari likiwa limesimama mbele ya mnunuzi. Jina la mwuzaji liwe ndilo lililo katika hati. Akisema gari ni la kaka yake aliye safarini, mnunuzi na amsubiri kaka arudi.

Hati safi machoni huenda ina deni nyuma yake. Tangu kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana katika mali zinazohamishika, mkopeshaji aweza kuandikisha haki yake juu ya gari katika daftari linalowekwa na URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Mnunuzi aweza kuomba daftari hilo lipekuliwe. Asipofanya hivyo, huenda akalipa shilingi milioni 36 na kuamka siku moja akikuta mkopeshaji wa mtu mwingine mlangoni.

Kwa gari linalotoka nje moja kwa moja, cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya kupakiwa melini kiombwe na kusomwa. Ukaguzi huo hutakiwa na Shirika la Viwango la Uganda, na husaidia kujua kama mita ya kilomita imerudishwa nyuma. Kwa gari lililotumika hapa, fundi wa mnunuzi, si wa dalali, aliendeshe likiwa na mzigo katika mlima. Yafaa pia kulitazama siku ya mvua. Matope huonyesha kama magurudumu manne yote huvuta, na maji huonyesha mahali kabini inapovuja.

Vipuri navyo visisahauliwe. Wazee wa Jinja na Mbale wakumbuka miaka iliyofuata 1972, wafanyabiashara wenye asili ya Asia walipokuwa wamefukuzwa na maduka kuwa matupu, jinsi magari mazima yalivyosimama kwa kukosa kipuri kidogo. Siku hizi vipuri viko, lakini si vya kila gari. Kabla ya kununua, na iulizwe katika maduka matatu ya Jinja bei ya pampu ya dizeli, klachi na springi za gari hilo. Likiwa maduka mawili kati ya matatu hayana, unafuu wa gari umekwisha kuelezwa.

Jambo la mwisho lahusu maisha ya askari zaidi kuliko ya watu wengine. Mwenye gari aweza kuhamishwa kwa amri ya siku moja, akaenda Karamoja au ng'ambo ya mpaka, na kuliacha gari nyumbani. Hapo mwenye gari wa kweli ni yule anayeshika ufunguo. Kama ni dereva peke yake, hesabu zote za siku 16 ni maandishi juu ya maji. Kwa hiyo kabla ya fedha kutoka, mume na mke wapatane kwa maandishi: nani apokee mapato ya kila jioni, nani aidhinishe matengenezo, mafuta yanunuliwe wapi, na fedha za mkopo ziwekwe siku gani. Ikiwezekana, hati ya gari iwe na majina yao wote wawili, au mke apewe mamlaka kwa hati iliyoandikwa na wakili, ili jambo likitokea asihangaike kati ya ofisi na ofisi akiwa mjane au mke wa majeruhi.

Na wakati wa kwenda sokoni, vazi rasmi na libaki nyumbani. Madalali wajua siku za mishahara na siku ambazo vikosi hurudi kutoka Somalia, na bei yao hubadilika waonapo buti. Mnunuzi mwerevu haonyeshi fedha zake, hataji malimbikizo yake, wala halipi arubuni siku ile ile ya kuliona gari. Huondoka, hulala, na kuzungumza na mwenziwe.

Sajini na mkewe waliotajwa juu wana siku 9. Kwa mwaka huu jibu lao ni kungoja, milioni 20 zikizaa katika chama chao, huku mama akitafuta wateja wa kujaza siku 7 zilizopungua. Wakizipata kufikia Desemba, basi Januari, wakati wengine wanauza kwa ajili ya karo, wao watakuwa na fedha mkononi, fundi kando yao na daftari kwapani. Wasipozipata, watakuwa wamejua kwa gharama ya daftari moja la shule jambo ambalo wengine hulijua kwa gharama ya kiinua mgongo.